Kati ya kunuka na kunukia: siku nzima ya pafyumu ya maua meupe kwenye ngozi

Shangazi yangu wa Kibosho alinishika mkono, akaunusa, akarudisha kichwa nyuma haraka. "Nani kafungua sanduku la nguo za marehemu baba?" Ilikuwa Jumapili, kama saa nne asubuhi, tumetoka misa ya kwanza. Robo saa kabla ya hapo nilikuwa nimejipulizia pafyumu ya asumini na tuberosi niliyoinunua Moshi mjini kwa bei ambayo mbele yake sikuitaja. Saa kumi na moja jioni tukiwa barazani tunachambua maharage, akauvuta mkono ule ule mara ya pili, akanusa, akanyamaza kidogo. "Hii ni ile ya asubuhi, au umebadilisha?"

Ni ile ile, shangazi. Sijaongeza hata tone.

Alikuwa sahihi mara zote mbili, na hapo ndipo wanunuzi wengi wa pafyumu za maua meupe wanapochanganyikiwa. Mtu anapulizia dukani, anasikia harufu kama ya dawa au nguo za zamani, anamrudishia muuzaji chupa yake na kuondoka na kitu kinachonukia pipi. Mwingine anainunua kwa sababu dakika ya kwanza ilimpendeza, kisha ikifika adhuhuri anaona kama shingoni amebeba mtu asiyemjua. Wote wawili wamehukumu siku nzima kwa kuangalia alfajiri yake.

Kiswahili kinatusaidia sana kulielewa jambo hili. Jalala linanuka, asumini inanukia. Kati ya maneno hayo mawili kuna herufi moja tu, na sisi tunayatumia kama pande mbili za ukuta. Maua meupe yanakaa juu ya ukuta wenyewe. Ndani ya ua la asumini, lile lile linalofungwa kwenye vikuba kule Unguja na kuvaliwa na maharusi, imo kemikali inayoitwa indoli. Indoli hiyo hiyo imo kwenye kinyesi. Katika mafuta mazito yanayokamuliwa kutoka kwenye asumini ya Grasse, mji wa manukato kusini mwa Ufaransa, indoli hufika kama asilimia 2 na nusu. Ukiinusa peke yake ikiwa nyingi, inakumbusha vidonge vyeupe vya nafthalini na zizi lisilofagiliwa. Shangazi hakukosea hata kidogo: nafthalini ni pete mbili za kaboni zilizounganishwa ubavuni, na indoli nayo ni pete mbili zilizounganishwa vivyo hivyo, isipokuwa moja ni ndogo na ina naitrojeni. Pua yake ilisoma umbo.

Sasa izimue indoli hiyo hiyo mpaka ibaki chembe, nayo inanukia ua. Kemikali haijabadilika, kilichobadilika ni kiasi. Nitarudi hapa, maana ndiyo siri ya ule mkono wa jioni.

Kwanza niseme maua yenyewe ni yapi. Watunzi wa manukato wanaposema "maua meupe" wanapanga kwa harufu, si kwa mimea ya shambani wala hata kwa rangi. Kuna asumini, tuberosi, gadenia, ua la mchungwa, na mara nyingi mlangilangi, ambao ua lake ni la manjano lakini limekaribishwa kwa sababu ya tabia. Kwa sisi wa Kilimanjaro baadhi ya haya ni majirani kuliko tunavyodhani. Gadenia ni ya ukoo mmoja na mbuni. Ndiyo maana anayepita Kibosho au Machame siku chache baada ya mvua kuvunja kiangazi, mibuni ikiwa imefunikwa na maua kama theluji, anasikia harufu iliyo karibu sana na asumini. Siku mbili tatu baadaye maua yamenyauka na harufu imekwisha. Tuberosi nayo, licha ya jina, haina udugu wowote na waridi. Ni agave kutoka Meksiko, wa jenasi moja na mkonge, ule ambao Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliuleta Tanganyika mwaka 1893. Kila nikipita barabara ya Korogwe na kuona mistari ile ya mikonge yenye miiba, nashangaa kwamba ndugu yake ndiye anayetoa moja ya harufu laini kuliko zote duniani.

Na kwa nini ua lijitie uchafu? Mengi ya maua haya hutegemea wageni wa usiku. Nondo haoni rangi nyekundu gizani; anachoona ni weupe, na anachofuata kwa mbali ni harufu. Kwa hiyo asumini na tuberosi huongeza kumwaga harufu jua likishazama, na humwaga harufu nzito. Yeyote aliyewahi kupita kando ya ua lenye asumini saa mbili usiku anajua kwamba harufu ya saa ile si ile ya mchana. Mbuni wetu wa arabika hauna haja hiyo kubwa, kwa kuwa hujichavusha wenyewe, lakini harufu ya ukoo imebaki.

Turudi kwenye ngozi. Kwenye maboksi na matangazo ya pafyumu huchorwa pembetatu ya noti, yaani harufu moja moja zinazounda pafyumu: noti za juu, noti za kati, noti za chini. Mchoro huo umepotosha watu wengi, kwa sababu unafanya ionekane kama noti za chini zimelala zikisubiri zamu yao. Mfano ulio karibu na ukweli ni Kosta ya Moshi kwenda Arusha. Abiria wote wanapanda stendi ya Moshi kwa wakati mmoja. Wa kwanza anashuka Kwa Sadala, wengine Bomang'ombe, wengine njia panda ya KIA, kisha Usa River, Tengeru, na wachache ndio wanaofika Arusha. Anayefika Arusha alikuwa ndani tangu mwanzo. Humsikii kwa sababu ya makelele ya wengine. Ukinusa mkono sekunde ya kwanza, miski na sandali zipo tayari. Zinafunikwa tu.

Anayeshuka kabla hata gari halijatoka stendi ni pombe. Spiriti ya pafyumu huchemka kwa nyuzi 78 za Selsiasi, na juu ya ngozi yenye joto la nyuzi 32 hadi 34 hupotea ndani ya dakika moja hivi, ikibeba wengine kwenda nao kwa kishindo. Ule ukali unaokupanda puani mara tu ukipulizia ni huo, na haukuambii lolote kuhusu pafyumu uliyoishika. Nyuma yake yanafuata malimau, machungwa na majani mabichi ambayo mtunzi huyaweka mwanzoni ili kufungua mlango. Haya hukaa dakika kumi, ishirini, basi.

Kisha ua lenyewe linaingia, na hapa ndipo penye utajiri. Sehemu kubwa ya utamu wa asumini ni benzili asetati, ambayo ina kitu cha ndizi mbivu ndani yake. Mchagga hahitaji kufundishwa harufu hiyo. Pamoja nayo kuna linaloli, laini na safi. Ua la mchungwa huleta metili antranilati, yenye harufu ya pipi za zabibu. Tuberosi huleta metili salisilati, na hii inahitaji onyo: ndiyo harufu ya dawa za kuchua misuli, ile unayoisikia kwa wapagazi walioshuka mlimani wakijipaka miguu. Kwenye tuberosi nzuri, dakika tano za mwanzo zinaweza kuwa za baridi na kali namna hiyo, kama mtu amefungua kopo la dawa karibu na shada la maua. Wengi hukimbia wakifika hapo. Mwaka 1948 mtunzi wa manukato Germaine Cellier alitunga pafyumu ya tuberosi iitwayo Fracas kwa ajili ya mwanamitindo Robert Piguet, na mpaka leo tuberosi nyingi zinapimwa kwa hiyo. Haikuwa ya aibu wala ya kunong'ona, na ninaamini imedumu kwa sababu haikujaribu kulisafisha ua kupita kiasi.

Sasa fumbo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Tunaambiwa molekuli nyepesi huondoka kwanza na nzito hubaki. Kwa jumla ni kweli. Lakini uzito wa molekuli ya indoli ni 117 na wa linaloli ni 154. Kwa hesabu hiyo indoli ingetangulia kushuka. Haitangulii. Linaloli huchemka karibu na nyuzi 198, indoli karibu na nyuzi 254. Indoli ni bapa kama chapati na ina naitrojeni iliyoshika haidrojeni, kwa hiyo molekuli zake hulaliana na kushikana, na kushikana huko ndiko kunakoamua nani aruke hewani. Vanilini, roho ya vanila, nayo ni hivyo hivyo: uzito 152 tu, lakini hukaa mpaka usiku. Uzito ni dalili. Mshiko ndio sababu.

Ukiunganisha hayo, asubuhi ya shangazi inaeleweka. Dakika ya kumi na tano ngozi yangu ilikuwa bado na indoli nyingi, na juu yake metili salisilati ilikuwa haijamaliza kupiga kelele. Pamoja zilitoa sanduku la babu. Kadiri saa zilivyokwenda, salisilati ile inayoruka upesi iliondoka, ndizi na zabibu zikaondoka, na indoli ikaendelea kupungua polepole mpaka ikafika ule upungufu inapovuka ukuta kutoka kunuka kwenda kunukia. Wakati huo huo kulikuwa na waliobaki wa kuipokea: laktoni, ambazo zina harufu ya tui la nazi, siagi na pichi, na ndizo zinazoipa tuberosi ule ulaini wa maziwa, na hedioni, kemikali yenye uzito wa 226 inayonukia kama hewa iliyopita kwenye asumini, nyepesi kwa pua ingawa nzito kwa mizani. Mtunzi Edmond Roudnitska aliitumia kwenye pafyumu ya Eau Sauvage ya Dior mwaka 1966, na tangu hapo ni vigumu kupata pafyumu ya maua meupe isiyo nayo. Kazi yake ni kuweka nafasi kati ya vitu, kama vile kufungua dirisha kwenye chumba kilichojaa watu.

Jambo moja la vitendo linatoka hapo moja kwa moja. Ukijipulizia mara sita, unaichelewesha indoli kuvuka ukuta. Mara moja au mbili zinatosha, na hapo siongelei ubahili.

Ngozi nayo si karatasi. Kile kijikaratasi cha dukani kina joto la chumba, hakina mafuta, hakina jasho. Kinakuonyesha mwanzo uliorefushwa. Ngozi ina joto, na ina mafuta yake. Kuhusu mafuta kuna ushahidi mzuri kutoka kwa mafundi wa Grasse wenyewe. Zamani, kabla ya viyeyusho vya kisasa, walikuwa wanapaka mafuta ya wanyama kwenye vioo na kutandaza maua ya asumini au tuberosi juu yake, maana maua haya huendelea kutoa harufu hata baada ya kuchumwa. Mafuta yaliinyonya. Siku iliyofuata waliondoa yaliyochoka na kutandaza mapya, mpaka mafuta yakashiba. Molekuli za harufu hupenda mafuta, hukaa humo, hutoka kwa kusitasita. Ngozi kavu haiwapi pa kukaa. Ndiyo sababu mtu mwenye ngozi kavu hulalamika kwamba pafyumu "inamkataa", na ndiyo sababu vaselini kidogo au mafuta ya nazi yasiyo na manukato, yaliyopakwa kabla, huongeza muda kuliko kununua chupa ya bei zaidi.

Hali ya hewa huingia hapo pia. Moshi iko kwenye mita 900 hivi juu ya bahari, Arusha kama 1,400. Mchana wa Februari pale Moshi, joto likipita nyuzi 30, tuberosi hupanda kutoka shingoni kama imeitwa. Ndani ya hiace iliyojaa ni ukatili kwa jirani. Pafyumu hiyo hiyo asubuhi ya Julai pale Arusha, baridi imeshika na umevaa sweta, hukaa karibu na mwili na huenda usiisikie mpaka uinue kola. Mimi huvaa maua meupe mazito Arusha wakati wa baridi na kuyapumzisha Moshi mpaka jua lishuke. Wengine wataona kinyume. Ni suala la nani yuko jirani yako.

Kuna maelezo yanayopendwa sana kwamba tofauti kati ya mtu na mtu ni pH ya ngozi, yaani kipimo cha asidi yake. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, karibu na 5, na ninaona hoja hiyo imebebeshwa mzigo usiouweza. Mafuta, unyevu, joto na kiasi ulichopulizia vinaeleza mengi zaidi.

Na pua. Mama anayepika mbege haisikii tena ndani ya nyumba yake, ila mgeni huisikia akiwa bado njiani. Pua huzoea kinachoendelea kuwapo na kuacha kukitangaza. Kwa maua meupe hatari yake ni kubwa, kwa sababu saa mbili baadaye unafikiri imeisha, unapulizia tena, na ofisi nzima inaumwa kichwa wakati wewe huna habari. Kabla ya kuongeza, toka nje, kaa dakika kumi, kisha nusa. Au muulize mtu atakayekwambia kweli. Tena kuna watu ambao pua zao hazisikii baadhi ya miski kabisa. Galaksolidi, miski iliyotumika sana kwenye sabuni na pafyumu, ina molekuli kubwa ya uzito wa 258, na kwa pua fulani ni kama haipo. Kwa hiyo dada wawili wanaweza kuvaa kitu kimoja, mmoja akasema kimebaki mpaka kesho yake na mwingine akaapa kimekwisha saa nane mchana. Hakuna anayesema uongo.

Pafyumu za kupima, zile za mafuta zinazouzwa kwa mililita, zina mwenendo wake. Kwa kuwa hazina pombe, hakuna kishindo cha kufungua. Harufu huanza chini, hupanda polepole jinsi ngozi inavyoipasha moto, na haisambai mbali. Ua jeupe kwenye mafuta linaweza kuwa tamu sana kwa sababu hiyo. Lakini usilitegemee likutangulie kuingia ukumbini. Mwenye ngozi inayowasha haraka ajaribu kwanza kwenye kiwiko kwa siku moja, maana asumini na mlangilangi zinajulikana kuwasumbua baadhi ya watu.

Kuhusu rangi, wateja wengi huikataa chupa iliyogeuka hudhurungi wakidhani imechacha. Kwa maua meupe mara nyingi si hivyo. Metili antranilati hukutana na aldehaidi, kemikali nyingine za harufu zilizomo humo humo, na kutengeneza kitu chenye rangi ya manjano iliyoiva, na indoli nayo hugeuka hudhurungi kadiri inavyokaa. Nusa kwanza. Kama mwanzo wake una harufu ya siki au rangi ya ukutani, imeharibika. Kama ni giza tu, ni asili yake. Lililoua pafyumu nyingi nilizoziona ni dirisha: chupa nzuri imepangwa pale ipate jua la mchana kwa sababu inapendeza machoni. Iweke kabatini, ndani ya boksi lake.

Ninapotaka kununua, siku hizi nafika dukani asubuhi, napulizia mara moja kwenye kifundo cha mkono, nashukuru na kuondoka. Sisugui vifundo viwili pamoja. Kusugua hupasha joto na kuwaharakisha walio wepesi. Nafanya shughuli zangu, sokoni Mbuyuni, benki, popote. Nanusa baada ya nusu saa, nanusa wakati wa chakula cha mchana, nanusa jioni, na huwa najali zaidi ile ya jioni kwa kuwa ndiyo nitakayoishi nayo muda mrefu. Muuzaji mmoja alinikasirikia kwa kutonunua papo hapo. Nilirudi kesho yake nikanunua mbili.

Jioni ile, kabla sijaondoka Kibosho, shangazi aliingia ndani akatoka na kanga mbili, moja nyeupe ya maua madogo na moja ya kijani, akasema nimpulizie kidogo. Nikachukua ya kijani, nikamweleza kwamba ile nyeupe ingebaki na doa la manjano. Nguo haina joto la ngozi wala jasho, kwa hiyo kwenye kitambaa safari yote huenda taratibu, na miski huweza kukaa siku nyingi. Jumatano akanipigia simu. Kanga bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango, hajaivaa, na ile harufu ya sanduku, akasema, ameitafuta na hajaiona.